Kipande Unachokiamini

Siku ile ilianza vizuri, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningekuwa nimeota ndoto mbaya ningesema nilionywa nikapuuza. Lakini wapi! Niliamka, nikamchana binti yangu nywele, nikagombana naye kuhusu soksi, nikampeleka shule, kisha nikapita kwa kaka yangu kuchukua wino wa printa. Jua lilikuwa zuri. Hata kichwa hakikuniuma.

Kaka yangu ni fundi kompyuta. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe: meza ndefu yenye makovu ya lehemu, rafu zilizojaa kompyuta zilizovuliwa mifuniko, na chini ya dirisha kompyuta yake yeye, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa mtoto wake. Mtoto huyo tulimwita Kasuku, kwa sababu tangu afungue mdomo wake mara ya kwanza hakuwahi kuufunga. Binti yangu mimi tulimwita Bosi, na sababu yake ungeijua ukikaa naye nusu saa. Walizaliwa mwezi mmoja. Walivaa nguo za kubadilishana na kulala kitanda kimoja kila likizo, na ukimtafuta mmoja ulimkuta na mwenzake.

Siku hiyo Kasuku alikuwa na mafua, hakwenda shule. Alikaa kwenye kompyuta ya baba yake akichora nyumba, huku akitueleza kila dirisha limewekwa la nini.

"Hili ni la kuchungulia wageni," alisema. "Na hili la kuchungulia wageni waliokataliwa."

"Amerithi kwako," kaka aliniambia. "Kwetu sisi hakuna mtu mwenye mdomo kama huo ila wewe."

"Mdomo huo huo ndio uliokutafutia mke," nilimjibu. Wifi yangu alicheka kutoka jikoni. Ndivyo tulivyokuwa tukiishi. Nawaambia haya ili mjue ni watu gani.

Ndipo Swichi akaja.

Swichi alikuwa rafiki wa kaka, na neno rafiki halitoshi. Walijifunza ufundi pamoja kwa mzee mmoja mkali, wakashiriki chumba kimoja na shati moja la heshima, wakasimamiana harusi. Kwa yule mzee walitoka na utaratibu mmoja ambao kaka hakuwahi kuuvunja. Mashine ikigoma kuamka, usiipime kwa kifaa cha rafuni, maana huenda nacho ni kibovu na kitakudanganya. Chomoa kipande kwenye mashine yako mwenyewe, ile unayoiona ikifanya kazi kila siku, ukichomeke kwa mgonjwa. Mgonjwa akiamka, umeujua ugonjwa wake. Mzee alikiita kipande unachokiamini. Kwamba kaka hufanya kazi hivyo, Swichi alijua kuliko mtu yeyote chini ya jua.

Alishuka kwenye gari amekumbatia kompyuta ya mezani, ule mwili wake mnene tunaouita sipiyu. Ilikuwa imewashwa tayari. Feni zilikuwa zinazunguka na taa ya kijani inawaka. Waya ulitoka mgongoni mwake ukaenda kwenye betri ya akiba iliyobebwa na dereva nyuma yake.

"Lo! Mgonjwa amekuja na dripu yake!" kaka alisema akicheka.

Swichi hakucheka. Aliomba soketi kwanza, hata kabla ya salamu. Akachomeka betri ukutani, akahakikisha inachaji, ndipo akakaa.

"Mtoto anaendeleaje?" nilimuuliza. Tulijua kwamba mwanawe alikuwa mgonjwa kitandani kwa muda mrefu, ingawa hatukuwahi kuambiwa ni ugonjwa gani.

"Yupo tu," alijibu. "Amelala."

Kaka akaiunganisha ile mashine na skrini. Nyeusi. Akabadilisha skrini. Nyeusi vilevile. Kompyuta nzima ikiwaka hutoa mlio mmoja mfupi, pii, kama mtu anayeitika jina lake. Hii haikuitika. Ilikuwa inavuta umeme na feni zake zinapuliza hewa ya uvuguvugu, lakini ndani hakukuwa na mtu.

"Inawaka lakini haiamki," kaka alisema. "Haya, ngoja tuizime tuifungue."

"Huwezi kuifungua bila kuizima?" Swichi aliuliza.

Kaka alimtazama kama anayemtazama mlevi. "Wewe! Umesahau kazi? Unataka nipigwe shoti hapa mbele ya mke wangu?"

Akaizima. Swichi alishika ukingo wa meza mpaka kucha zake zikawa nyeupe. Midomo yake ilikuwa inatikisika, nikahisi anasali. Kaka, ambaye mikono yake ni mepesi, alichomoa diski, akaiwasha tena. Nyeusi. Swichi akashusha pumzi. Akatoa simu, akanong'ona, "Vipi?" Akasikiliza. "Haya."

Ikawa hivyo kila mara. Kaka akizima, Swichi anashika meza. Kaka akiwasha, Swichi anapiga simu. Kaka alitoa ile betri ndogo ya duara iliyo kama kifungo cha koti, akairudisha. Akabadilisha kifaa cha umeme. Akachomoa ramu, kile kipande chembamba ambacho kompyuta hutunzia kumbukumbu ikiwa macho, akakisugua meno yake kwa kifutio cha Kasuku, akakirudisha. Haikusaidia. Akachukua ramu ya rafuni, akajaribu. Akachukua nyingine. Nyeusi.

Niliona jasho kwenye shingo ya Swichi. Nikadhani ni mambo ya kazini, maana alisema humo mna kazi zote za ofisi yake.

"Basi nitajaribu na ya kwangu," kaka alisema, akainuka kuelekea dirishani.

"Baba, nyumba yangu haijaisha!"

"Dakika moja tu, mama."

Akaizima kompyuta yake, akaifungua, akarudi na kipande mkononi. Hapo Swichi akasema jambo ambalo nililiona la ajabu.

"Unanipa?"

"Nakuazima, bwana."

"Sema unanipa."

Kaka akacheka. "Haya, nimekupa. Ulitaka nikufungie na utepe?"

Akakichomeka. Akabonyeza kitufe.

Pii.

Skrini ikawaka mwanga mweupe ukajaa chumba kizima. Na sekunde ileile simu ya Swichi ikaita. Nilisikia mkewe akipiga kelele, nikajua mtoto amefariki, nikaanza kushika kichwa. Kumbe sivyo. Swichi alifunika uso kwa mikono miwili, akalia mpaka mabega yakamcheza.

"Ameamka," alisema. "Ameomba maji."

Jamani, tulivyofurahi! Mimi nilimkumbatia. Kaka alimpiga piga mgongoni akimshukuru Mungu kwa sauti. Wifi alitoka jikoni na mikono ya sabuni, akapiga kigelegele. Swichi alituacha tukiwa bado tunashangilia. Aliacha mashine, aliacha betri, akasema atarudi kesho. Mlangoni aligeuka. Hakumtazama kaka. Alimtazama Kasuku, mara moja tu, halafu akatazama viatu vyake.

Gari lilipoondoka ndipo nilipogundua kwamba nyumba imenyamaza.

Skrini ilikuwa nyeusi tena. Feni zilikuwa zinazunguka. Kasuku alikuwa amekaa palepale dirishani, mkono mmoja juu ya meza, uso umeelekea kompyuta iliyozimwa.

"Kasuku," nilimwita.

Macho yake yalikuwa wazi. Alikuwa anapumua. Nilimgusa shavu, lilikuwa na joto la kawaida, lenye makamasi ya mafua. Nikampungia mkono mbele ya uso. Nikamtikisa. Kichwa chake kikaenda nilikokisukuma, kikabaki huko.

Sitaeleza sana habari za hospitali. Walimpima kila kinachopimika. Moyo unapiga vizuri, damu safi, hana homa, mwanga ukimulikwa mboni zinasinyaa. Daktari mmoja alisema mwili wote unafanya kazi, isipokuwa mwenyewe haonekani. Kaka alikuwa amesimama karibu na ukuta. Nilimsikia akisema polepole, kana kwamba anaongea na mteja, "Anawaka lakini haamki."

Alitamka maneno yale, kisha akayasikia mwenyewe. Niliona rangi yake ikibadilika.

Mchana uleule umeme ulikatika mtaani kwao. Sisi tulikuwa hospitali, tungejuaje? Tulichoona ni midomo ya Kasuku ikigeuka rangi ya bluu. Kifua kikasimama. Wauguzi walikimbia na mitungi ya oksijeni, wakamsukuma kifua, wifi akaanguka sakafuni. Halafu mtoto akavuta pumzi, bila ya mtu kujua kwa nini. Jirani alipotupigia simu baadaye kuuliza habari, akasema, kwa kupiga soga tu, kwamba umeme ulikatika na sasa umerudi, na kwamba ile betri ya Swichi ilipiga kelele humo ndani mpaka ikachoka.

Kaka ni fundi. Fundi hakubali jambo kwa kuambiwa, anapima. Alikwenda nyumbani peke yake, akapiga simu, nami nikaishika karibu na sikio la wifi, kando ya kitanda.

"Yuko vipi?"

"Anapumua," wifi alisema.

"Nazima."

Tukasubiri. Kifua cha Kasuku kilishuka. Hakikupanda.

"Washa," wifi alinong'ona. Kisha akapaza sauti. "Washa! Baba Kasuku, washa! Washa!"

Kikapanda.

Simu ilibaki wazi, na ndani yake nilisikia feni.

Swichi hakurudi kesho yake, wala siku iliyofuata. Simu yake haikupatikana. Mimi ni mtu wa kuingia nisikokaribishwa, kwa hiyo nilikwenda kwake. Uani nilimkuta mwanawe, yule aliyekuwa haamki, akipiga mpira ukutani. Aliniamkia kwa adabu. Mashavu yake yalikuwa yameanza kujaa. Nikasimama nikimtazama, na nasema kweli, nilimchukia mtoto wa watu asiye na kosa lolote.

Mama yake alitoka haraka, akanivuta pembeni. Viatu vya Swichi vilikuwa mlangoni, vile vya kahawia ambavyo kaka alimnunulia.

"Hayupo," alisema.

"Namwona asivyokuwepo. Mmetufanyia nini?"

Alitazama nyuma yake. Alinong'ona mpaka ikabidi niiname.

"Na sisi tuliletewa. Aliileta shemeji yangu, kaka yake Swichi, akasema imegoma. Swichi akajaribu na kipande chake mwenyewe. Mtoto wa shemeji akaamka, wetu akalala."

"Nani aliileta kwa shemeji yako?"

"Rafiki yake. Kwa huyo rafiki, dada yake. Zaidi ya hapo hakuna anayejua. Haichukui kwa kuiba. Tulijaribu mafundi wa mbali, wageni, wakaweka vipande vyao. Haikuamka. Haitaki wageni. Lazima mzazi mwenyewe atoe kilicho chake, kwa mkono wake, aseme amekupa. Na lazima awe anakupenda."

"Mkaona mmtafute kaka yangu."

"Tungemtafuta nani?" alisema, na machozi yakamtoka. "Nani mwingine angetupa bila kuuliza?"

Nimesikia matusi mengi maishani. Hakuna lililonichoma kama lile. Kaka yangu alichaguliwa kwa sababu ya wema wake, kama mtu anayechagua kuku kwa unono. Nilitoka pale nikitembea katikati ya barabara, magari yananipigia honi, sikusikia kitu.

Nikarudi nikamweleza kaka kila neno. Nani mwingine ningemweleza? Tulikuwa karakanani. Kasuku walikuwa wamemrudisha nyumbani, amelazwa chumba cha ndani, na ile mashine imeunganishwa na betri nyingine kubwa alizoziokota kwenye vyombo vibovu. Mtaa ule umeme ulikuwa haueleweki. Ukikatika, betri zinapiga kelele zote kwa pamoja, na kaka anakimbia kutoka moja hadi nyingine. Alikuwa halali. Betri kuukuu hazidumu. Moja baada ya nyingine zilikuwa zinakufa, na kila moja ikifa aliikalisha nje mlangoni.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Lazima awe anakupenda," alirudia.

"Kaka, hatutamfanyia mtu jambo hili. Tutatafuta njia nyingine."

"Hatutafanya," alisema.

Nikamwamini. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi, na machozi yalikuwa yakimtoka. Nilidhani analia kwa ajili ya Swichi.

Siku zikapita. Asubuhi moja alikuja dukani kwangu. Mimi nina duka dogo la kuchapa na kutoa nakala, na kompyuta moja tu, ndiyo inayonilisha mimi na Bosi. Kaka alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati safi. Nilifurahi kumwona hivyo.

"Nimesikia feni ya mashine yako inalia," alisema. "Nikaisafishe vumbi. Angalau nishike kazi, nisiwe kichaa."

Alikuwa akinifanyia hivyo kila mara, miaka yote. Na mimi miaka yote nilikuwa na utani wangu mmoja, ule wa kila akija kuichukua. Nikachomoa waya, nikaibeba mwenyewe, nikamwekea mikononi.

"Chukua, bwana, nimekupa. Ukipenda usinirudishie, mimi imenichosha!"

Hakucheka. Aliipokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga. "Asante, dada," alisema. Kaka huwa haniiti dada, huniita mdomo mrefu.

Msiniulize kwa nini sikushtuka. Mgeni ningemshtukia. Huyu alinibeba mgongoni nikiwa sijui kutembea.

Kabla ya saa sita wifi alinipigia simu. Alikuwa anapiga kelele, na nyuma ya kelele zake nilisikia sauti ikiongea, ikiongea, haina koma wala nukta. Kasuku! Niliacha mteja na karatasi zake mkononi, nikafunga duka, nikakimbia barabarani mtu mzima mimi, kandambili mkononi, nalia na kucheka. Watu walinipisha.

Alikuwa amekaa kitandani, amekonda, anakula kwa mikono yote miwili na kuongea na chakula mdomoni. Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Nilimbusu kichwa. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Hakupiga kigelegele.

"Shangazi," Kasuku alisema, "kule kuna kelele za feni tu. Na giza. Nilikuwa naita, hakuna anayesikia."

"Pole, mama. Yameisha."

"Ila sasa Bosi yuko kule. Nimepishana naye."

Nilicheka kwanza. "Bosi yuko shule, mama."

"Hapana, shangazi. Yuko kule. Analia, anakuita."

Nikamgeukia wifi. Alikuwa anatazama sakafu.

"Kaka yuko wapi?"

"Amekurudishia mashine yako," alisema kwa sauti ya chini sana.

Nilirudi kwa kukimbia vilevile. Duka lilikuwa limefungwa kama nilivyoliacha, lakini kaka ana ufunguo wangu wa akiba, nilimpa mwenyewe. Nikafungua. Sipiyu yangu ilikuwa juu ya meza, mahali pake. Kasha ni langu, lenye ule ufa wa siku Bosi alipoliangusha. Taa ya kijani inawaka. Feni zinazunguka. Skrini nyeusi.

Nikachungulia kwa nyuma, kwenye matundu ya feni. Vitu vya ndani havikuwa vyangu. Vilikuwa vyeusi, vya zamani, na kwenye kona palikuwa na lile kovu la lehemu nililokuwa nimeliona mara nyingi karakanani, kwenye mashine aliyoileta Swichi. Alikuwa amevua mashine yangu ngozi, akaivika ile.

Na pembeni yake aliniwekea betri. Si kuukuu. Mpya kabisa, bado ina karatasi ya dukani, imechomekwa ukutani na kufungwa waya wake vizuri kwa utepe usije ukachomoka. Alikuwa amenifikiria. Ningependa kama angenitukana. Ningependa kama angenipiga kwa nyundo. Lakini kuniwekea betri nzuri!

Hasira zikanipanda. Nikanyoosha kidole kwenye kitufe niizime, niitupe chini, niikanyage. Kidole kikagusa.

Simu ikaita. Mwalimu wa Bosi.

"Mama, unaweza kuja shule? Sijui niseme nini. Ameinama kwenye dawati, tukadhani amelala. Macho yako wazi."

Niliondoa kidole polepole sana.

Nilipokwenda kwa kaka siku ya pili, mapazia hayakuwepo madirishani. Nyumba tupu, karakana tupu, hata meza wamebeba. Jirani alisema waliondoka wakiwa wamempakata Kasuku katikati, anawapungia watu mkono. Kaka hakuacha neno lolote. Nilisimama mlangoni pake nikamwita kwa jina lake la utotoni, kwa sauti, mtaa mzima ukasikia. Nilimwita kama nimekosea mimi.

Bosi yuko chumbani kwangu sasa. Mashine nimeihamishia kando ya kitanda chake. Nikiamka usingizini nasikiliza kwanza feni, halafu yeye. Jana umeme ulikatika tangu asubuhi, na ile betri mpya ikaanza kulia kabla ya jioni. Sikujua kwamba nazo huzeeka upesi hivyo.

Mdogo wetu wa mwisho, Mziwanda, ndiye aliyebaki kwangu. Ni mwalimu, mpole, anampenda kila mtu bila sababu. Alikuja leo mchana bila kuitwa, mwanawe mgongoni, yule anayejifunza kutembea. Amefua nguo zangu zote. Amempaka Bosi mafuta miguuni na kumwimbia. Hajui kitu. Nilimwambia ni ugonjwa tu, nikamwambia kaka amesafiri.

Baadaye alikaa kitako mbele ya mashine akaanza kuifuta vumbi, maana yeye hawezi kukaa bila kazi. Alifuta skrini kwa ncha ya kitenge. Akaipulizia pumzi, akaifuta tena. Akasogeza uso.

"Dada, hapa pana alama ya kiganja cha mtoto. Haitoki." Akapitisha kucha juu ya kioo. "Ajabu. Iko kwa ndani."

Mwanawe alikuwa ameshuka mgongoni, amesimama kwa kushikilia goti langu, ananicheka na meno yake mawili.

"Na mbona inawaka lakini haionyeshi kitu?" Mziwanda aliuliza. "Kaka aliwahi kunifundisha, wakati mwingine ni kipande kimoja tu ndani. Ninayo kompyuta nyumbani, ile ninayochapia mitihani, nzima kabisa. Nikuletee ujaribishe vipande vyake? Chukua chochote unachotaka, dada. Nakupa."

Nilifungua mdomo nimwambie hapana. Neno lilikuwa tayari, lilikuwa kwenye ulimi.

Halafu betri ikaanza kulia, nikamtazama binti yangu, nikaufunga mdomo.